Siku Tuliyokula Kitanda

Nina neno lililonikaa moyoni tangu mwaka jana, nami naona heri nilitoe. Ni habari ya fedha za serikali, yaani fedha zako na zangu.

Kijijini kwetu hapakuwa na zahanati. Mama mwenye uchungu alipakiwa kwenye pikipiki mpaka mjini, na njia yenyewe ni mashimo matupu. Basi tulifyatua matofali, tukasomba mawe na mchanga, na serikali ikatoa fedha za saruji, mabati na vifaa. Jengo likaisha, likapakwa rangi, tukafurahi mno.

Ikaja siku ya kulifungua. Yakaletwa maturubai, viti vya kukodi na vipaza sauti. Nilihesabu magari kumi na moja ya wakubwa. Zikagawiwa fulana mpya, wakachinjwa ng'ombe wawili, pilau ikapikwa kwa masufuria makubwa. Mgeni rasmi akakata utepe, tukapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nilikula sahani mbili, wala sikuuliza neno.

Haikutimia miezi miwili, mke wa mwanangu akashikwa na uchungu usiku. Tukampeleka kwenye zahanati ile mpya. Muuguzi alikuwapo, tena mtu mwema. Kitanda cha kujifungulia ndicho hakikuwapo. Tukatandika mkeka na kanga sakafuni, na mjukuu wangu akazaliwa pale pale juu ya saruji. Namshukuru Mungu, mama na mtoto ni wazima.

Asubuhi nilimwuliza mjumbe mmoja wa kamati, "Kitanda kiko wapi?" Akatazama chini, akajibu, "Mzee, fedha za kitanda ziliishia kwenye sherehe."

Kumbe! Ile pilau niliyoisifu ilikuwa kitanda cha mkwe wangu.

Wako wasemao kwamba mambo haya hayana dawa. Sivyo. Novemba 2015 Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za Desemba 9. Siku hiyo watu walifanya usafi, na shilingi bilioni 4 zikaelekezwa kupanua barabara ya Mwenge hadi Morocco, Dar es Salaam. Mwezi ule ule wa Novemba tafrija ya wabunge huko Dodoma ilipunguzwa, na fedha zilizookolewa zikanunua vitanda vya Hospitali ya Muhimbili, ambako wagonjwa walikuwa wakilala chini. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan naye alifuta sherehe za Uhuru, na shilingi milioni 960 zikapelekwa kujenga mabweni ya watoto wenye mahitaji maalumu. Je, uhuru wetu ulipungua kwa kukosa gwaride? Haukupungua hata kidogo.

Mwingine atasema, "Mimi ni mkulima tu, silipi kodi, hayo si yangu." Ndugu yangu, unajidanganya. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003, ni kweli. Lakini ununuapo sabuni au saruji, au utiapo vocha katika simu yako, kodi imo ndani ya bei. Hata bibi kizee anunuaye kipande cha sabuni ameichangia serikali. Basi anayo haki ya kuuliza.

Mahali pa kuulizia papo. Kwa mambo ya taifa yuko Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, ambaye ripoti yake hufikishwa Bungeni kila mwaka. Kwa mambo ya kijiji uko mkutano mkuu, ambao sharti uitishwe kila miezi mitatu, na humo husomwa mapato na matumizi. Lakini sisi wazee huona uvivu kwenda, na tukienda twasinzia. Atumiaye vibaya fedha za umma hufurahi sana akiona watu wamesinzia.

Katika mkutano uliofuata nilisimama, magoti yakinitetemeka. Nilianza kwa kukiri zile sahani zangu mbili, watu wakacheka. Kisha nikauliza habari ya kitanda, na kicheko kikakoma. Kitanda hakijafika mpaka leo, lakini swali langu limeandikwa katika kitabu cha mkutano, na kila mkutano nitalirudia.

Nawe msomaji, siku utakapoalikwa kwenye sherehe ya namna ile na kupewa sahani, uliza kwanza: hiki ninachokula kilikuwa cha nani?