Safari Zangu Tatu Katika Milima ya Derbyshire

Bwana Mhariri ameniomba mara mbili niandike habari za Uingereza, na mara zote mbili nilimpa udhuru. Kila mtu arudiye kutoka huko huandika habari za London, na mimi London nilikaa siku mbili tu. Mwaka wangu wote wa masomo niliumaliza Sheffield, mji wa wafua vyuma ulioko kaskazini. Habari ninazoweza kuzieleza kwa haki ni za milima iliyo karibu na mji ule, na ndani ya habari hizo mna aibu yangu kidogo. Lakini kwa kuwa wanafunzi wa Kidato cha Tatu wamekwisha kusikia nusu yake, tena wameitia chumvi, afadhali niieleze yote mwenyewe.

Mimi ni mtu wa Usambara. Nilipofungua ramani na kuona kwamba mahali pa juu kabisa katika Derbyshire, paitwapo Kinder Scout, pana mita 636 tu, nilicheka peke yangu chumbani. Soko la Lushoto, ambako mama yangu aliuza kabeji, liko juu zaidi ya mara mbili ya hapo. Nikasema moyoni, hiki si mlima, ni kichuguu. Nitakwenda Jumamosi moja nikione, kisha nirudi kwenye vitabu vyangu.

Basi Jumamosi moja ya mwezi wa Machi nikapanda gari moshi (namna ya kusema tu, maana siku hizi halitoi moshi). Ukitoka Sheffield unaingia katika tundu la Totley, lililochimbwa chini ya mlima kwa urefu wa zaidi ya kilomita 5. Nje huonekani usiku wala mchana kwa dakika kadhaa, na gari litokapo upande wa pili unadhani umeletwa nchi nyingine. Nyuma uliacha mabohari na nyumba za matofali. Mbele kuna bonde la majani mabichi, kondoo, na kuta. Kuta zile ziliniajabisha kuliko kitu chochote. Ni za mawe matupu yaliyopangwa, bila saruji wala udongo, nazo zinapanda mlima moja kwa moja, zinavuka mgongo wake na kushuka upande wa pili. Nikajiuliza ni nani aliyebeba mawe yale yote mpaka kule juu.

Nikashuka katika kijiji cha Edale, nikaifuata njia iliyoonyeshwa katika ramani. Haikupita mbali ikanifikisha kwenye lango la mbao lililofungwa. Ng'ambo ya lango palikuwa na ua wa mkulima, kondoo wenye watoto wadogo, mbwa mmoja mweusi na mweupe, na mtu juu ya trekta. Mtu yule aliniangalia. Hakusema neno, wala hakuniashiria kwa mkono. Aliniangalia tu.

Kwetu mtu hukata njia katikati ya migomba ya jirani, akatoa salamu, na mambo yakaisha. Lakini pale nilikuwa mgeni, mtu mweusi, peke yangu, mbele ya shamba la mtu asiyenijua baba wala mama. Nilisimama kwa muda wa kutosha kuhesabu kondoo kumi na wanane. Kisha nikageuka, nikarudi steshni, nikanywa chai, nikangoja gari la kurudi. Njiani nilijidanganya kwamba mvua ilikuwa karibu kunyesha.

Mzee mwenye nyumba niliyopanga alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha chuma miaka yake yote. Nilipomweleza habari ya lango alikasirika, nami nikadhani amenikasirikia mimi. Kumbe sivyo. "Njia ile ni yako, mpenzi," akasema. (Wanafunzi wasishangae. Watu wa Sheffield humwita mtu yeyote "mpenzi", hata mwanamume kwa mwanamume mwenzake, na dereva wa basi kwa abiria. Wiki ya kwanza niliona haya sana.) Akaikunjua ramani yangu mezani, akanionyesha vistari vya kijani vilivyokatikakatika. Kila mahali palipo na vistari vile, akasema, umma una haki ya kupita kwa miguu, hata kama ni katikati ya shamba la mtu, hata kama ni chini ya dirisha lake. Mwenye shamba ana haki ya kukutaka ulifunge lango na umshike mbwa wako, lakini hana haki ya kukurudisha.

Mwezi wa Mei akanichukua yeye mwenyewe. Hatukuanza na Kinder. Tulikwenda Mam Tor, ulio ng'ambo ya pili ya bonde la Edale, wenye mita 517. Wenyeji huuita Mlima Unaotetemeka, na mimi mwalimu wa Jiografia nilikaribia kuruka kwa furaha nilipoona sababu yake. Upande mmoja wa mlima umemomonyoka wote, ukaacha ukuta mtupu wenye tabaka za mawe ya mchanga juu ya tabaka za mwamba laini wa matope, moja juu ya nyingine kama kurasa za kitabu. Maji yakiingia katika zile tabaka laini, zile ngumu huteleza juu yake. Chini ya mlima ilipita barabara kubwa ya kwenda Manchester. Waliitengeneza, ikapasuka, wakaitengeneza tena, ikapasuka tena, hata mwaka 1979 wakaifunga kabisa kwa magari. Tulitembea juu ya lami iliyovunjika vipande na kuachana kwa kimo cha mtu, na katika ukingo mmoja nikaona lami juu ya lami juu ya lami, ushahidi wa kila mara walipojaribu. Katika miaka yangu yote ya kufundisha somo la maporomoko ya ardhi ubaoni kwa chaki, sikupata kuona mfano ulio wazi namna ile.

Juu ya kilele kuna mitaro na maboma ya udongo ya watu wa kale, waliokaa pale zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na ukisimama hapo unaona pande zote mbili. Upande mmoja ni bonde la Hope na kiwanda chake cha saruji chenye bomba refu, ambalo mzee alilichukia na mimi sikulichukia, kwa sababu watu hula kwa kazi. Upande wa pili ni bonde la Edale, na nyuma yake Kinder Scout. Haina kilele. Ni uwanda mrefu mweusi uliolala kama meza isiyofutwa.

Hapo ndipo mzee aliponieleza habari za mwaka 1932. Zamani zile uwanda wote wa Kinder ulikuwa mali ya watu wakubwa, waliouhifadhi kwa ajili ya kuwinda ndege wa jamii ya kwale kwa siku chache za mwaka. Walinzi wenye fimbo waliwekwa kuwafukuza wengine. Na hao wengine walikuwa vijana wa viwanda vya Manchester na Sheffield, waliovuta moshi siku sita na kuiona milima ile kwa macho tu siku ya saba. Tarehe 24 Aprili 1932, siku ya Jumapili, watu wapatao 400 walikutana karibu na kijiji cha Hayfield, kijana mmoja aitwaye Benny Rothman akasimama juu ya jiwe akawahutubia, nao wakapanda mlima bila ruhusa ya mtu. Wakapigana kidogo na walinzi. Waliposhuka polisi walikuwa wakiwangoja, na vijana watano wakafungwa, wengine miezi miwili, wengine zaidi, hata sita. Kuingia katika ardhi ya mtu peke yake hakukuwa jinai, hivyo walifungwa kwa makosa ya fujo na mengine ya namna hiyo.

Hukumu ile iliwachukiza hata watu ambao hawakuwapenda vijana wale. Mwaka 1949 Bunge likapitisha sheria ya hifadhi za taifa, na mwaka 1951 milima hii ikawa hifadhi ya kwanza ya Uingereza yote. Mwaka 2000 sheria nyingine ikaruhusu watu kutembea katika milima na nyika za namna ile hata nje ya njia. Na mwaka 2002, miaka 70 baada ya tukio, Duke wa Devonshire alisimama mbele ya watu akaomba radhi kwa yale yaliyotendwa zamani za babu yake. Mzee alikuwapo siku hiyo. Alinieleza hivyo bila mbwembwe, huku akimenya yai.

Sasa nafika kwenye aibu yangu. Mwezi wa Oktoba, nikiwa nimejua haki zangu zote, nikaenda Kinder peke yangu. Nililifungua lile lango, nikapita, nikalifunga. Mtu wa trekta alikuwapo. Nikamwamkia, akaniamkia, akasema kuna baridi leo. Ni hayo tu. Nikapanda kwa njia ya mawe iitwayo Jacob's Ladder, nikafuata ukingo wa magharibi mpaka Kinder Downfall, mahali ambapo mto mdogo huanguka kwa mita 30 hivi. Upepo mkali wa magharibi ulivuma siku ile, na maji hayakuanguka. Yalifika ukingoni, yakarudishwa juu hewani kama moshi, yakaninyeshea usoni mimi niliyesimama juu yake. Nilipiga picha nyingi mno. Chini lilionekana bwawa la maji, na mbali kabisa majengo ya Manchester.

Ningerudi kwa njia niliyojia yasingalinipata. Lakini nilikwisha kuambiwa kwamba sheria yaniruhusu kupita po pote, tena ramani ilionyesha kwamba nikikata moja kwa moja katikati ya uwanda nitaokoa saa nzima. Kumbe sheria haiondoi matope. Uwanda ule ni udongo mweusi wa mimea iliyooza kwa maelfu ya miaka, nao umekatwa na mifereji yenye kina kupita kimo cha mtu. Ukiingia mfereji mmoja huoni chochote ila mbingu; ukitoka, waona mfereji mwingine. Kisha ukungu ukashuka, hata mbingu isionekane. Simu yangu, niliyoitegemea kwa ramani, ikazimika kwa baridi na kwa zile picha. Dira nilikuwa nimeiacha Sheffield, kwa sababu nani huchukua dira kwenda kwenye kichuguu? Baada ya saa moja nikaona nyayo za viatu katika matope, nikafurahi kupata mwenzangu. Nikaweka mguu wangu juu ya alama moja. Ilikuwa yangu.

Niliogopa, msomaji, wala sitaki kusema vingine. Kulikuwa saa kumi jioni, na nguo zangu zililowa.

Niliita, na sauti ya mwanamke ikaitika. Alikuwa mama mmoja na watoto wake wawili, wa kike wa miaka kumi na miwili hivi, na wa kiume mdogo zaidi. Mama hakuniuliza kwa nini niko pale. Alimwambia binti yake atuongoze kusini, maana kwa upande huo lazima tufike ukingoni. Binti akaipanga dira juu ya ramani, akamtuma kaka yake mbele mpaka mwisho wa kuona katika ukungu, akamwambia sogea kushoto kidogo, simama hapo. Tukaenda mpaka aliposimama. Kisha akamtuma tena. Hivyo hivyo, hatua hamsini kwa hamsini, tukivuka mifereji badala ya kuifuata, mpaka tukasikia kijito na kuona mawe ya ukingo.

Namna ile ya kutumia dira imo katika kitabu chetu cha Jiografia. Nimeifundisha kwa miaka minane.

Tulipofika steshni ya Edale kulikuwa giza. Binti akaniuliza nafanya kazi gani nyumbani. Nikamwambia mimi ni mwalimu. Akauliza wa somo gani, nami nikamjibu kweli. Hakucheka. Alifikiri kidogo, kisha akanipa biskuti.

Jumatatu yake nilinunua dira nyingine yenye kamba nyekundu, mbali na ile niliyoiacha chumbani, ili moja ikae daima katika koti. Hiyo ya kamba nyekundu sasa imo katika kabati la chumba cha Jiografia, rafu ya pili, na anayetaka kuiazima kwa ajili ya safari ya mwezi wa Septemba aandike jina lake katika daftari.