Dawa ya Kiwavi na Majirani Wake

Mwezi wa Mei, theluji ianzapo kuyeyuka katika nyanda za juu za Tibet na milima ya Nepal, mchumaji hulala kifudifudi penye nyasi fupi, macho yake karibu na ardhi kama mtu atafutaye sindano. Atafutacho ni kijiti cha rangi ya kahawia, chembamba, kirefu kama kidole. Akiisha kukiona huchimba kwa kijembe, akainua bonge zima la udongo na kulivunja kwa vidole. Hutoka humo kiwavi aliye kamili kwa umbo, lakini amekufa tangu kabla ya baridi kuu, na kijiti kile kimemwota kichwani. Ndipo mchumaji atoapo mswaki mfukoni, akamsugua maiti huyo mpaka udongo na utando uliomzunguka umekwisha, na rangi ya manjano imeonekana. Mnunuzi hapendi uchafu.

Watibeti hukiita kitu hicho yartsa gunbu, maana yake majani wakati wa joto na mdudu wakati wa baridi. Jina lina uzuri wake, ila mdudu hageuki majani. Afanyaye kazi yote ni kuvu, Ophiocordyceps sinensis kwa wataalamu, ambayo humwingia kiwavi wa nondo aishiye chini ya ardhi akila mizizi, ikamjaa mwili, ikamuua karibu na uso wa udongo, kisha ikachipua kichwani pake. Waganga wa Tibet waliandika sifa zake katika karne ya 15, na kitabu cha dawa cha China kikaitaja mwaka 1694. Katika masoko ya China bei ya daraja la kwanza imepata kupita ile ya dhahabu, uzani kwa uzani. Viko vijiji ambavyo wiki chache za uchumaji huvipa sehemu kubwa ya fedha ya mwaka mzima. Na uchumaji ulizidi kiasi hata mwaka 2020 kuvu hii ikaandikwa katika orodha ya viumbe walio hatarini.

Si ajabu, basi, kwamba watu walitamani kuifuga. Waliitia katika vyombo vya kioo, wakailisha sukari na mchuzi wa virutubisho, nayo ikakubali kukua. Lakini kemikali zilipopimwa, ya chomboni haikulingana na ya mlimani. Wengine walisema kilichokosekana ni baridi, wengine kimo cha mlima, wengine kiwavi mwenyewe. Hakuna katika sababu hizo inayostahili kudharauliwa. Hata hivyo jambo moja lilikawia kuulizwa: katika kioo kuvu ilikuwa peke yake. Maabara, kwa desturi yake njema, huanza kwa kuua kila kijidudu kisichoalikwa.

Mlimani kuvu hii haikai peke yake hata siku moja. Wataalamu waliosoma chembe za urithi zilizomo katika kijiti, katika maiti ya kiwavi na katika utando wa nje, walikuta bakteria wa makabila mengi. Kila sehemu ina wakazi wake, na wakazi hao hubadilika kutoka mlima hata mlima. Wenye aina nyingi zaidi wako katika utando ugusanao na udongo, yaani pale pale panapopita mswaki.

Je, jirani aweza kubadili kile ambacho mwenziwe anapika? Kwa kuvu nyingine jibu limekwisha kupatikana, na mara mbili lilitoka mji wa Jena, Ujerumani. Mwaka 2005 ilibainika kwamba rizoksini, sumu iliyodhaniwa kwa miaka mingi kuwa ni ya kuvu iharibuyo miche ya mpunga, hutengenezwa na bakteria waishio ndani ya kuvu hiyo. Sifa, au lawama, ilikuwa imempata asiyehusika. Kisha mwaka 2009 ilionekana kwamba kuvu Aspergillus nidulans ina jeni za kutengeneza kemikali ambazo zilikuwa zimelala usingizi, nazo ziliamka alipowekwa pamoja nayo bakteria mmoja wa udongo. Walipotenganishwa kwa ngozi nyembamba ipitishayo maji na kemikali, jeni zile hazikuamka. Haikutosha kunusa harufu ya jirani, ilipasa kugusana.

Habari hizo zinavutia mno, na hapo ndipo pa hatari. Muuzaji aweza kudaka neno bakteria akalibandika juu ya kopo lake, kama alivyolidaka neno kodisepini. Dutu hii iligunduliwa mwaka 1950 katika Cordyceps militaris, ndugu wa kuvu ya Tibet, na wauzaji wengi wakaihesabu kuwa mali ya wote wawili. Uchunguzi uliofanywa China na kutangazwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba jeni za kuitengeneza zimo katika militaris, wala hazimo katika ile ya mlimani. Tena militaris huitoa pamoja na mlinzi wake, pentostatini, izuiayo kodisepini isivunjwe. Na pentostatini yenyewe ilijulikana kwanza kwa bakteria wa udongo, Streptomyces antibioticus. Leo hutumiwa kutibu namna moja ya saratani ya damu iliyo adimu.

Kwa hiyo mtu akutaye dutu yo yote katika kiwavi wa mlimani ana washukiwa watatu mbele yake: mdudu, kuvu na bakteria. Kuhesabu kwamba bakteria fulani huzidi pale dutu fulani izidipo hakutoshi. Jogoo huwika kila alfajiri, wala hakuna amshukuruye kwa jua. Ipasavyo ni kuchukua kuvu safi, kuirudishia bakteria mmoja mmoja, na kupima. Kisha kupima tena kwa bakteria waliouawa, na tena kwa bakteria wasio na kuvu. Kazi hiyo ni ya polepole, na kuvu ikuayo kwa baridi haijui haraka ya mtu.

Mlimani mchumaji amemaliza kusugua. Viwavi wake amewapanga juu ya kitambaa kwa urefu na rangi, kama mnunuzi atakavyowapanga kesho. Vumbi lililoanguka kutoka katika mswaki amelirudisha shimoni pamoja na bonge la nyasi, akalikanyaga kwa kisigino.