Mbu Tunaowafuga Wenyewe



Katika Suratul-Baqara, aya ya 26, Mwenyezi Mungu amemtaja mbu miongoni mwa mifano anayowapigia waja wake. Wapinzani wa zama zile walimwona mdudu huyo kuwa duni mno hata hastahiki kutajwa. Lakini mwenye akili humtazama akapata mazingatio makubwa, kwani kiumbe asiyefika uzito wa punje ya mchele aweza kuulaza mji mzima.

Leo twakusudia kusema juu ya mbu wa namna moja tu, naye ni yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, ambaye wataalamu humwita Aedes aegypti. Huyu siye mbu wa malaria. Yule wa malaria huuma usiku, na aghalabu huzaa katika maji ya nje, kama vile madimbwi na majaruba ya mpunga. Huyu wetu huuma mchana, khasa asubuhi na baada ya alasiri, naye hupenda kuzaa katika maji safi tuliyoyateka kwa mikono yetu. Maradhi yake yanayotusumbua zaidi katika pwani yetu ni mawili, homa ya dengi na chikungunya.

Wala maradhi haya si mageni kwetu. Mwaka 1870 Unguja ilipatwa na homa kali ya viungo. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu huko, aliandika kwamba wenyeji waliiita kidinga pepo, na kwamba wazee waliikumbuka homa kama hiyo iliyopita kiasi cha miaka hamsini kabla yake. Wako wataalamu wanaoona kwamba neno dengi lenyewe limezaliwa na jina hilo la Kiswahili. Watu walimtaja pepo kwa kuwa hapana aliyejua siku zile kwamba mbu ndiye mwenye kosa.

Kisha mwaka 1952 yakazuka maradhi katika uwanda wa Makonde, upande wa Newala, kusini mwa Tanganyika. Wagonjwa walipinda kwa maumivu ya viungo, na kwa Kimakonde yakaitwa chikungunya, yaani kile kinachompinda mtu. Uwanda ule una shida ya maji. Watu walikuwa wakiyafuata mbali na kuyaweka majumbani, na waliochunguza wakawakuta mbu hawa wakizaa katika vyombo hivyo hivyo vya maji.

Mambo yale yale yakaonekana Lamu mwaka 2004. Ulikuwa wakati wa ukame, na kila nyumba iliweka akiba ya maji kwa kadiri ilivyoweza. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye mwaka huo ulionyesha kwamba kiasi cha watu 3 katika kila 4 walikwisha kupatwa. Maradhi yakafika Mombasa, yakavuka bahari hadi visiwa vya Komoro mwaka 2005, kisha Réunion, ambako kufikia mwaka 2006 yalikuwa yamempata karibu mtu 1 katika kila 3. Na homa ya dengi nayo iliitikisa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019.

Basi na tuutazame mtungi. Mbu jike hutaga mayai yake ukingoni mwa chombo, juu kidogo ya maji, nayo yakagandamana na chombo. Maji yakipungua, mayai hukauka bila kufa, na yaweza kukaa hivyo kwa miezi. Siku tutakapojaza tena, huanguliwa yakawa viluwiluwi, na baada ya juma moja au siku kumi hivi mbu ameruka. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi, ila chombo kisuguliwe ndani kwa nguvu hata mayai yabanduke. Na mbu huyu hasafiri mbali. Akimuuma mgonjwa huchukua maradhi, kisha baada ya siku kadhaa humwambukiza mtu mwingine wa mtaa ule ule. Hivyo aliyemuuma mtoto wetu amezaliwa nyumbani kwetu au kwa jirani, na aliyezaliwa kwetu atakwenda kwa jirani. Hapa jambo la mtungi linakuwa jambo la haki ya jirani, nasi sote twajua uzito wa haki hiyo katika dini yetu.

Tumewahi kuketi barazani zama za homa tukawasikia watu wazima wakisema kwamba hiyo ni kadari, na aliyeandikiwa kuugua ataugua tu. Kuamini kadari ni nguzo ya imani yetu, lakini haikuwekwa iwe mto wa kulalia. Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham alifika Sargh, akapata khabari ya taun, ile ya Amwas iliyoua watu wengi mwaka wa 18 wa Hijra (639). Aliposhauri watu warudi, Abu Ubayda (r.a.) alimwuliza kama wanaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kwamba wanatoka katika kadari ya Mungu na kuingia katika kadari ya Mungu vile vile. Naye hakujua khabari za viroboto wa panya, ambao Paul-Louis Simond alikuja kuonyesha mwaka 1898 kwamba ndio waenezao taun. Alijua tu kwamba mtu hupewa akili ili aitumie.

Tena Mtume wetu (s.a.w.) ametuamrisha kufunika vyombo na kufunga viriba usiku. Hatusemi kwamba alimkusudia mbu huyu. Twasema kwamba nyumba inayoishika sunna hiyo, ikaendelea nayo hata mchana, humfungia mbu mlango.

Yatupasa basi kila Ijumaa, kabla ya kuoga kwenda msikitini, tusugue mitungi, mapipa na matangi, kisha tuyafunike vizuri. Tuokote vifuu, makopo na mipira ya gari iliyotupwa uani. Wazee wa Lamu walikuwa wakiweka samaki wadogo katika mabirika wale viluwiluwi, na hekima hiyo haijachakaa. Mtoto alalaye mchana na mgonjwa wa homa walazwe ndani ya chandarua. Mwenye homa apelekwe hospitali, wala asipewe aspirini kabla ya kujulikana kama si dengi, maana huzidisha kutoka damu. Na kazi hii tusiwaachie akina mama peke yao, kwani Mtume (s.a.w.) mwenyewe alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake.

Maji tunayotawadhia ni amana. Itakuwa ajabu yatutakase viungo kwa ajili ya sala, kisha yatoke humo humo maradhi ya kumpinda jirani asiweze kurukuu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu na awaponye wagonjwa wetu. Amin.