Sauti ya Koko

Simu ilikuwa ya mwanawe wa kwanza. Tulikuwa tumeketi barazani kwao, hapa mtaa wa Lumumba, jua likikaribia kuzama. Nilikuwa nimemletea faili ya dakika 42: mama yake akisimulia jinsi walivyolima na jinsi walivyoozwa huko Gety alipokuwa msichana. Aliweka simu mezani, akabonyeza. Mstari ukaanza kutembea kwenye kioo, sekunde zikahesabika, sauti haikutoka. Akaongeza hadi mwisho. Kwa mbali tukasikia mchakaricho, kama mtu anayesugua mchanga nyuma ya ukuta.

"Mudogo, ulisema ulikamata sauti ya mama. Iko wapi?"

"Yaya, iko. Jana nilisikiliza yote."

Alinitazama bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. Koko (nasema koko kwa sababu hapa kwetu bibi ni mke wa mtu) alikuwa amekwisha kurudi Gety kwa matanga ya kaka yake, na hakuna aliyejua angerudi mjini lini. Kabla ya kukubali mashine yangu aliniuliza mara mbili: sauti hii itaenda wapi? Aliyewahi kukimbia vita katika Ituri haulizi hivyo kwa udadisi. Nilimwahidi kwamba nakala ya kwanza itakuwa ya watoto wake. Sasa nakala ya kwanza ilikuwa bubu.

Nilirudi nyumbani, nikavaa spika za masikioni, nikafungua kinasa sauti. Koko alikuwemo, wazi kabisa, sikio la kushoto na la kulia. Nikaingiza faili kwenye kompyuta, katika Audacity, nikaigeuza kuwa mono ili niipeleke Praat. Ukimya. Mstari uliokuwa na vilima na mabonde ukawa karibu umenyooka.

Wenzangu wa fonetiki wanajua nilichokuwa nakitafuta. Koko anasema Kingiti, ambacho wenyewe wanakiita Kindruna, lugha ya Sudani ya Kati inayosemwa kusini ya Bunia, upande wa Walendu Bindi. Constance Kutsch Lojenga alichapisha sarufi yake mwaka 1994, na ndani yake kuna jambo lililonikamata tangu mwaka wa pili: yapo majina ambayo umoja na wingi wake hutofautiana kwa toni peke yake. Mojawapo ni malimo. Ndiyo, ni mwalimu wetu wa Kiswahili, amesafiri mpaka kule, akaacha ngeli yake njiani na kuvaa toni. Hakuna wa- wala kiambishi kingine. Sauti ikipanda, walimu wameongezeka. Koko alilitaja neno hilo mara nyingi, maana mumewe alikuwa mmoja wao. Lakini toni hupimwa kwa sauti iliyopo, na mimi nilikuwa na mstari ulionyooka.

Jioni tatu, kila umeme uliporudi, niliilaumu kompyuta. Nilizima vikorombwezo vyote ambavyo Windows hudai vinaboresha sauti. Nililinganisha kasi ya sampuli, 44,100 kwa sekunde, katika kinasa na katika programu. Niliondoa Audacity, nikaiweka upya. Jioni ya tatu nikasema basi, nihifadhi mono hiyo hiyo, nifute faili ya awali, kwa sababu WAV ya stirio yenye biti 16 hula karibu megabaiti 10 kwa dakika na diski yangu ilikuwa imejaa. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Umeme ukakatika. Sijui kama nimshukuru mtu, lakini wakati huo nilitukana.

Kesho yake, badala ya kufuta, nilikuza picha ya mawimbi mpaka sekunde moja ikajaza vioo kadhaa. Hapo nikaona. Kila chaneli ya kushoto ilipopanda, ya kulia ilishuka, kwa kipimo kile kile, kama mtu na kivuli chake majini. Kuchanganya stirio kuwa mono ni kujumlisha njia mbili na kugawa kwa mbili. Jumlisha tatu na hasi tatu, unapata sifuri. Simu ya yaya, yenye spika moja, ilikuwa imefanya hesabu hiyo hiyo mezani mbele yetu.

Mkosaji alikuwa waya, na nyuma ya waya, mimi. Mikro niliiazima kwa korali: ile ya plagi kubwa yenye pini tatu. Pini moja ni ya ardhi. Nyingine mbili hubeba sauti ile ile, moja ikiwa imegeuzwa, ili mashine ya kanisani iondoe moja katika nyingine na kelele iliyoingia njiani ipotee. Kinasa changu kina tundu dogo la stirio, hakijui mambo hayo. Fundi aliponiuliza plagi ya upande wa pili iwe mono au stirio, nilijibu stirio, kwa sauti ya mtu aliyesoma. Niliamini mbili ni zaidi ya moja. Basi akaunganisha pini ya pili kushoto na ya tatu kulia, kama nilivyoagiza. Na masikio yalikuwa yamenionya: siku ile ya kurekodi koko alisikika kana kwamba anasemea nyuma ya kisogo changu, wala si katikati. Nilidhani ndiyo ladha ya stirio. Kurekodi mzee mmoja kwa mikro moja hakuhitaji chaneli mbili hata kidogo. Nyie mnaotoka likizo hii, kabla mzee hajainuka kitini, chezesheni nusu dakika kwenye simu ya spika moja.

Tiba ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Niliitenganisha stirio kuwa njia mbili, nikaipindua ya kulia juu chini, nikazichanganya. Ningeweza pia kufuta moja na kubaki na nyingine, lakini nafurahi sikufanya hivyo: baada ya kupindua, sauti ya koko iliongezeka, na ule mvumo wa umeme ulioingia kwenye waya, uliokuwa sawa pande zote mbili, ukafutika. Mashine ya kanisani ingefanya vivyo hivyo. Katika Praat mstari wa toni ulitokea. Malimo mmoja, malimo wengi, sekunde chache kati yao, na tofauti inaonekana kwa macho.

Jumapili nilirudi Lumumba na faili mpya. Yaya hakusema kitu, alitoa simu tu na kuiweka mezani pale pale. Akabonyeza. Koko huanza kwa kusalimu, kwa Kingiti, polepole, kama anavyosalimu kila anayeingia uani kwake.

Toka jikoni, mjukuu wake wa miaka minne akaitikia.