Miwaridi ya Ua wa Kiponda

Nyumba yetu ya Kiponda, Mji Mkongwe wa Unguja, ilikuwa na ua mdogo kwa nyuma, na humo bibi alipanda miwaridi yake. Maua yake hayakuuzwa. Yalikuwa ya vikuba. Yalichumwa alasiri, yakafungwa pamoja na asumini na rehani, na mwanamke akipita ngazini ulimjua kwa harufu kabla hujamwona.

Katikati ya miaka ya 1980 miwaridi ile iliugua. Majani yakawa manjano, machipukizi yakadumaa. Kila aliyeingia alikuwa na neno: huyu alisema ni jicho, yule kiu, mwingine akashauri mbolea ya dukani. Bibi aliwasikiliza wote, akawashukuru, kisha akavuta kigoda akaketi mbele ya mti.

“Mwanangu, usitazame mti mzima,” aliniambia. “Tazama jani gani limeanza.”

Majani makuukuu ya chini yalikuwa bado na rangi yake. Yaliyougua ni machanga ya juu, na hata hayo hayakugeuka yote: mishipa ilibaki kijani, imejichora juu ya umanjano kama wavu wa mvuvi. Ingekuwa njaa ya samadi, alisema, ya chini yangetangulia, maana mti wenye njaa huyanyonya ya zamani ulishe machanga. Madoa meusi yangekuwa ukungu wa masika. Kingo zilizoungua zingekuwa kazi ya maji ya kisima chetu, yenye chumvichumvi. Akageuza jani, akalipangusa kwa upande wa chini kwa kitambaa cheupe, akakisogeza penye mwanga kutafuta vidoa vyekundu vinavyotembea. Hapakuwa na utitiri, ambao kila kaskazi lazima utufikie.

Ndipo akaomba jembe. Hatukuchimba sana kabla ya kukuta vipande vyeupe. Ukuta wa ua ulikuwa umepigwa lipu upya, na kifusi cha chokaa kilifukiwa palepale kwenye mizizi. Katika mji uliojengwa kwa mawe ya matumbawe, ardhi yenyewe tayari ina chokaa ya kutosha. Ile nyongeza iliuzidi nguvu mti.

Baadaye nilisoma sababu yake. Waridi hustawi udongo ukiwa na pH ya 6 hadi 6.5. Chokaa ikiipandisha kupita 7, madini ya chuma hubaki udongoni lakini mizizi haiwezi kuyafyonza, na jani changa ndilo linalokosa kwanza. Bibi hakujua pH. Alijua kutazama.

Alikata vipande vya matawi yenye afya, vinene kama penseli, akavipanda kwenye madebe yaliyotobolewa chini, ndani ya udongo mweusi uliochotwa chini ya miembe na samadi iliyooza vizuri. Akavimwagilia maji ya mvua peke yake. Miti ya zamani haikupona, lakini ya madebeni ilichanua, na vikuba vikarudi.

Leo watu huniletea habari za waridi linalokufa wakiwa wameshanunua dawa ya wadudu, na mara nyingi wadudu hawapo. Nawasihi waanze kwa kutazama, kwa sababu dawa isiyo na ugonjwa wake huua nyuki na kuacha tatizo palepale. Leteni jani la kwanza kuugua, na mniambie lilikuwa juu au chini.