Zamu ya Miles

Likizo iliyopita nilirudi Tanga na kompyuta yenye sura tatu za tasnifu, nikiwa nimejiapiza kuimaliza ya nne. Sikuigusa. Jioni ya pili mdogo wangu alinipakia kwenye baiskeli, tukaenda kibanda cha gemu Ngamiani. Pale kuna PS5 moja, zilizobaki ni PS4, na wote waliokuwepo walikuwa kwenye mpira. Sisi tukaweka Spider-Man 2.

Gemu hili la Insomniac lilitoka Oktoba 2023, likifuata lile la 2018 na la Miles Morales la 2020. Safari hii Spider-Man ni wawili. Peter Parker ni mtu mzima anayehangaika na nyumba aliyoachiwa na shangazi yake. Miles ni kijana anayetakiwa kuandika insha ya kuombea chuo, na kila siku anaiahirisha. Dogo alinigeukia akacheka.

Kuruka kwake kunakufanya usamehe mengi. Wamewapa mbawa, unavuka mto kutoka Manhattan hadi Queens na Brooklyn, sehemu ambazo hazikuwemo kwenye yale ya awali. Nilimwambia dogo kwamba hapa kwetu Spider-Man angepata tabu: nyumba za Ngamiani fupi, utando angeunasa wapi? Akasema angetoka Raskazone hadi Kisiwa cha Toten kwa mbawa, asilipe mtumbwi.

Tatizo ni kwamba mashujaa wawili, pedi moja. Huwezi kucheza na mwenzako kwa pamoja. Tukakubaliana: akija Peter nacheza mimi, akija Miles anacheza yeye. Mwanzoni, kwenye pambano na Sandman, pedi ilikwenda na kurudi. Halafu Peter akavaa vazi jeusi, na karibu kila kitu kikawa chake: hasira yake, rafiki yake Harry, Kraven mwindaji. Siku ya tatu dogo alikuwa anasinzia, na hela tunachanga nusu kwa nusu.

Kinachoniudhi ni kuwa hadithi ya Miles ilikuwepo. Baba yake aliuawa kwenye gemu la 2018, na Martin Li, aliyesababisha kifo hicho, yumo humu. Wameipitia mbio mbio.

Kuna misheni moja ya pembeni, ya mzee Howard asiye na makazi, anayeomba njiwa wake wapelekwe mahali salama. Dogo ndiye aliyeicheza. Hupigani na mtu; unaruka tu na njiwa. Mwisho wake mzee anafariki. Tulikaa kimya mpaka wale wa mpira wakauliza kulikoni.

Ili kusema chochote, nikasema Miles ameonewa na waandishi.

"Kawaida," dogo akajibu, macho kwenye skrini. "Mimi nimemuogesha Baba miaka miwili. Msibani watu wote wakawa wanakupa pole wewe."

Sikuwa na la kusema. Ni kweli. Nilifika na basi la usiku kutoka Dar, nikakalishwa mbele na wazee, yeye akawa anabeba maji.

Kesho yake tukafika mahali ambapo vazi jeusi limemzidi Peter na Miles inabidi apigane naye. Peter wa pale ana dharau, anamsemesha Miles kama mtu aliyebebwa tu. Dogo akafa mara mbili. Nikanyoosha mkono nimsaidie, akausukuma kwa kiwiko.

Mara ya tatu akashinda. Hakushangilia. Mwenye kibanda akauliza kama tunaongeza muda, nikatoa hela ya saa nzima. Zamu iliporudi kwa Peter, dogo akanipa pedi.

"Endelea tu," nikamwambia.

Akanitazama kidogo, kisha akasogeza kiti mbele.