Kufuli la tangi lilivyonikosanisha na mdogo wangu

Mpenzi msomaji, wiki hii sina habari za mapenzi wala za mitindo ya nguo. Nina kesi ya gari, na mshitakiwa ni mimi mwenyewe.

Marehemu baba alituachia nyumba ya vyumba vitatu hapa Isevya na Toyota Celica nyekundu, gari la spoti la milango miwili, la kabureta. Ukikatiza nalo Tabora mjini lazima shingo zigeuke. Mzee alilinunua kwa sababu ya Safari Rally. Celica ilishinda mbio zile kule Kenya mwaka 1984, 1985 na 1986 mfululizo, na yeye matokeo yote aliyasikiliza redioni. Mwenyewe hakuwahi kuzidisha spidi 80, lakini alipenda kujua kwamba akitaka anaweza.

Baada ya arobaini, funguo nikashika mimi kaka mtu. Mdogo wangu, ambaye ndiye aliyekuwa akiliosha na kulipasha moto kila asubuhi, akabaki na ndoo na kitambaa. Basi nikaanza kuona mshale wa mafuta unashuka ovyo. Leo nusu, kesho robo, na gari halijatoka uani. Sikuuliza mtu. Nilikwenda dukani nikanunua mfuniko wa tangi wenye kufuli, ule wa zamani nikautupa, ufunguo nikautundika shingoni kama hirizi. Dogo aliuona. Hakusema kitu, akaendelea kufuta vioo.

Wiki haikuisha, Celica ikaanza vituko. Mjini inapaa. Ukitoka nje ya mji kilometa 25 au 30, inaanza kukohoa, unakanyaga mafuta haivuti, mpaka lori la tumbaku linakupita na kukuachia moshi. Ukipumzika nusu saa chini ya mwembe, inawaka na kukimbia kama siyo yenyewe. Mbele kidogo, yale yale.

Mafundi walinila hela. Wa kwanza alibadili plagi. Wa pili alisafisha kabureta. Wa tatu akaniuzia koili ya mtumba na chujio la mafuta. Kila mmoja akimaliza tunazunguka naye mjini, gari safi, nalipa, narudi nyumbani napiga honi.

Ikaja siku ya bibi. Ilipigwa simu kutoka Urambo kwamba kazidiwa, aletwe hospitali mjini. Nikajaza tangi pomoni, maana ni kilometa kama 90, nikamchukua dogo tukaondoka. Kwenda lilikata nguvu mara tatu. Kurudi usiku, bibi kalala kiti cha nyuma anahema kwa shida, likakata tena karibu na Usoke. Dogo akashuka kufungua boneti. Mimi kwa hasira nikamfokea, "Acha! Ulikuwa unaiba petroli, nimekufungia, sasa umeamua kuliua gari la baba!"

Hakujibu. Bibi ndiye aliyesema kwa sauti ya chini, "Mjukuu wangu, maneno hayo utayarudishaje?"

Tulifika saa nane za usiku. Bibi alipona, Mungu mkubwa. Lakini asubuhi yake dogo alimwamkia mama, akabeba begi, akapanda basi la Nzega.

Miezi miwili nilikaa na gari bovu, na mama akiniongelesha kwa shida. Ndipo jirani akanielekeza kwa mzee mmoja, fundi wa tangu enzi za Peugeot 404. Nikamwamkia, "Mwangaluka, mzee." Akaitika, lakini hakushika spana. Alianza na maswali kama daktari. Linakata baada ya umbali gani? Ukijaza tangi, linawahi au linachelewa kukata? Nikafikiri. Kweli bwana, likijaa linawahi. Likiwa na mafuta kidogo linafika mbali.

"Jaza, twende njia ya Urambo," akasema.

Kilometa ya 26, likaanza kukohoa. Akaniambia nizime, nishuke, nifungue mfuniko wa tangi. Nikautoa ufunguo shingoni. Kuzungusha tu, tangi likavuta pumzi, fyoooo, kama mtu aliyeibuka majini! Nikapiga stata, gari likawaka na kuvuta hapo hapo, bila kusubiri mwembe wala nini.

Mzee akanieleza pole pole. Petroli ikitoka tangini, lazima hewa iingie kushika nafasi yake. Mfuniko wa zamani ulikuwa na kitundu cha hewa, huu wa kufuli umeziba kabisa. Pampu inavuta huku, tangi nalo linavuta kule, mwisho pampu inashindwa na kabureta inakauka. Ukipumzika, hewa inapenya kidogo kidogo, ndiyo maana linapona. Tangi likijaa, hewa ya ndani ni chache, ndiyo maana linawahi kukata. "Ingekuwa koili inayopata joto, au uchafu kwenye chujio la ndani ya tangi, kupumzika kungelisaidia vile vile," akasema. "Lakini kufungua mfuniko kusingeliponya papo hapo."

Akacheka. "Mirambo aliifunga njia hii hii ya Ujiji mwaka 1871. Mizigo ipo, wapagazi wana nguvu zao, lakini Stanley alikwama pale Kwihara mpaka akazungukia kusini. Miguu haikuwa mibovu, njia ilifungwa. Huu mfuniko kauweka nani?"

"Mimi, mzee. Petroli ilikuwa inaibwa."

Akanionyesha mshale. Tangi tumelijaza saa nzima haijapita, mshale unasema nusu. Akagonga dashibodi, ukarukia robo. Geji ilikuwa mbovu siku zote. Mimi niliiamini kuliko damu yangu.

Jumapili nilipanda basi kwenda Nzega. Nilimkuta dogo anabeba matofali kwenye nyumba inayojengwa. Nikamwomba radhi mbele ya wenzake, kwa kuwa nilimtukana mbele ya bibi. Nikamweleza habari ya geji na mfuniko. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Ule wa zamani ulipoutupa niliuokota, kaka. Upo kwenye boksi la spana za baba."

Niliukuta umefungwa kwenye kitambaa chake cha kufutia vioo. Celica sasa inafika Urambo bila kukohoa. Dogo bado hajarudi, amesema kwanza amalize kibarua chake. Funguo za gari nimemwachia mama, amkabidhi yeye siku atakayofika.

Nawe msomaji mwenye kufuli mkononi, uliza kwanza. Tukutane wiki ijayo.